Rweya si ardhi tupu, tuhesabu kabla ya kuigawa

Anayesafiri kwa basi kutoka Bukoba kwenda Muleba, akishapita Kemondo na kuelekea Muhutwe, huona jambo ambalo sisi wenyeji tumelizoea kiasi kwamba hatuliulizi tena. Upande mmoja wa barabara kuna migomba mirefu, chini yake mikahawa, chini ya mikahawa maharage, na mhumula mmoja au miwili imesimama juu ya vyote. Hatua mia mbili mbele migomba inakatika ghafla, kana kwamba mtu alipima kwa kamba. Baada ya hapo ni nyasi mpaka kwenye miamba.

Mstari huo ndio mpaka wa kibanja na rweya. Nataka tuuzungumze leo kwa sababu katika vijiji vyetu vya Bukoba na Muleba rweya inagawanywa, inauzwa na kupandwa mikaratusi na misindano, na hoja inayotolewa karibu kila mara ni moja tu: ile ardhi iko tupu, haina kazi.

Mwaka jana nilikaa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kimoja cha Muleba. Sitakitaja, kwa kuwa ningeweza kutaja kingine na habari ikawa ile ile. Mwombaji alitaka sehemu kubwa ya rweya ya kijiji kwa ajili ya kupanda miti. Alizungumza vizuri. Alitaja ajira, nguzo, mbao na mchango kwa ajili ya shule. Mama mmoja wa makamo akasimama, akasema: "Waitu mwenyekiti, nyasi za kutandaza tutakata wapi?" Watu wakacheka. Mwenyekiti akajibu kwamba nyasi haziishi duniani, akaendelea na ajenda.

Mimi sikucheka, ila nakiri kwamba wala sikusimama kumsaidia. Nilikuwa mgeni pale, na msomi akisimama kwenye mkutano wa watu huonekana amekuja kufundisha. Basi haya ninayoandika ni ya kuchelewa.

Tuanze na ule mstari. Kwa nini migomba inaishia pale? Wengi watajibu kwamba kibanja kiko kwenye udongo mzuri na rweya kwenye udongo mbaya, basi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye fedha.

Mwaka 1938 mtaalamu wa udongo, Mwingereza Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alichapisha makala juu ya Bukoba katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Huyu ndiye aliyewazoesha wataalamu wenzake duniani kuutazama udongo kwa mteremko mzima, kutoka kileleni hadi bondeni, badala ya shimo moja moja. Kilichomvuta Bukoba ni kwamba rutuba kubwa na umaskini mkubwa wa udongo vilikuwa vimekaa jirani, juu ya udongo wa aina moja uliochoshwa na mvua. Ni kweli wazee wetu walipochagua mahali pa kujenga walitafuta udongo wenye kina. Lakini weusi ule unaouona ukichimba shimo kwenye kibanja cha zamani haukuwepo siku walipofika. Uliletwa na watu, ng'ombe na mizigo ya nyasi iliyobebwa kichwani, kizazi baada ya kizazi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata baadhi ya wataalamu wanaohamishiwa Kagera. Mji wa Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ukienda magharibi, ridge moja ya mawe baada ya nyingine, mvua inapungua, na ndani ya mwendo wa saa chache tu kwa gari unafika sehemu zinazopata chini ya milimita 1,000. Mtu angetarajia kwamba penye mvua nyingi ndipo penye udongo bora. Kwetu ni kinyume. Mvua nyingi kwa maelfu ya miaka imeosha chokaa, potasiamu na magnesiamu, ikaacha udongo wenye uchachu unaozuia mizizi ya mazao mengi kwenda chini. Kinachostawi juu yake bila msaada ni nyasi ngumu zilizozoea njaa hiyo, zilizozoea pia kuchomwa moto karibu kila kiangazi. Panda mgomba pale bila samadi uone. Hautakufa mara moja, utakaa miaka miwili ukiwa na majani ya njano, kisha utakupa mkungu ambao hata mbuzi ataumaliza kwa mkupuo mmoja.

Wanaosoma elimu ya viumbe na mazingira yao huuliza maswali matatu wanapotaka kujua kwa nini mahali fulani pana viumbe hawa na si wale. Nani aliweza kufika? Kati ya waliofika, nani aliweza kuvumilia hali ya pale? Na kati ya waliovumilia, nani anaweza kukaa pamoja na wale waliotangulia? Kila kilima, bonde na ufukwe una majibu yake, ndiyo maana nchi yenye milima na mabonde haiwezi kuwa na mimea na wadudu wa namna moja.

Kitazame kibanja kwa maswali hayo. Mgomba asili yake ni Asia, ukafika kwetu karne nyingi zilizopita. Maharage na mahindi yalitoka bara la Amerika. Kahawa ya robusta ni mwenyeji wa misitu ya ukanda huu, na Wahaya walikuwa wakiitafuna na kuwapa wageni kwa heshima kabla hajafika Mzungu wa kuinunua. Hawa watu wa mabara matatu wameishije pamoja? Mgomba umetoa kivuli na mkahawa unakipenda. Maharage yanakomaa upesi kabla kivuli hakijawa kizito. Mhumula na mshambya hupeleka mizizi chini kuliko wote, hudondosha majani na hatimaye hutoa mbao. Ni mkusanyiko uliojipanga taratibu, kila anayekuja akikuta nafasi iliyoachwa na aliyetangulia.

Ndani ya kibanja chenyewe kuna mpangilio mwingine. Bibi yangu, ambaye hakwenda shule hata siku moja, alikuwa na Enshakala na Enchoncho karibu na jiko, pale yanapotupwa majivu, maganda na maji ya kuoshea vyombo. Nyuma kidogo kulikuwa na Entobe, na Gonja mbili tatu kwa ajili ya wageni na watoto. Embire, za kutengenezea rubisi, alizisogeza pembeni kabisa, karibu na rweya. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kwa sababu hakupenda walevi. Nilipomuuliza alinijibu: "Mjukuu wangu, anayevumilia njaa ndiye anayekaa mlangoni." Baadaye nilikaa darasani muhula mzima kusomea jambo hilo hilo, na mwalimu hakulieleza kwa ufupi namna hiyo.

Sasa tufike kwenye hesabu, maana huu ni ukurasa wa biashara.

Ndizi ni zao linalokula potasiamu kwa wingi. Kila tani moja ya mikungu inayotoka shambani huondoka na potasiamu inayokadiriwa kuwa kilo 5, na hapo sijataja naitrojeni. Chukua lori la tani 7 linalopakia ndizi gulioni Kamachumu au Nshamba kwenda Mwanza. Lori hilo limebeba takriban kilo 35 za potasiamu ya vibanja vyetu. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya potashi, ile inayoitwa MOP, una kama kilo 25 za potasiamu yenyewe. Kwa hiyo lori moja linaondoka na karibu mfuko mmoja na nusu wa potashi, kila safari. Muulize mkulima kama bei aliyopewa kwa mkungu ilikuwa na gharama ya potashi ndani yake. Atakushangaa. Muulize mchuuzi. Atakushangaa zaidi.

Nani basi amekuwa akilipa miaka yote hii? Rweya ndiyo iliyolipa. Ng'ombe walishinda rweyani wakila nyasi za hekta nyingi na usiku wakalala nyumbani. Samadi yao ikaenda kwenye migomba. Nyasi zilizokatwa rweyani zilitandazwa kwanza sakafuni ndani ya msonge, zikichakaa zikatolewa kwenda shambani. Yaani ardhi kubwa iliyo maskini ilikuwa ikikusanyiwa kidogo kidogo na kurundikwa kwenye ardhi ndogo inayozunguka nyumba. Tunapozungumza habari za ruzuku ya pembejeo, tukumbuke kwamba vocha zilizoanza kutolewa mwaka 2008 zililenga mahindi na mpunga, mgomba haukuwemo. Ruzuku ya mgomba ilikuwa rweya, na hakuna aliyeiandikia bajeti.

Hili si dhana yangu. Mwaka 1998 Dk. Baijukya, mtafiti aliyefanya kazi zake katika vijiji vya Bukoba, pamoja na mwenzake kutoka Uholanzi, walichapisha hesabu za virutubisho vinavyoingia na kutoka katika mashamba yetu. Vibanja vya wenye ng'ombe vilikuwa vikipokea kuliko vinavyotoa. Vibanja vya wasio na ng'ombe vilikuwa vikipoteza. Na rweya, kwa wote, ndiyo iliyokuwa ikitoa bila kurudishiwa.

Mfumo huo ulishapigwa mara kadhaa. Miaka ya 1890 sotoka ilimaliza ng'ombe wa nchi yetu na wa Afrika Mashariki kwa jumla, na malundo ya samadi yakaisha pamoja nao. Karibu miaka tisini baadaye likaja pigo lililogusa mikono yenyewe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata kila ukoo ulizika. Kibanja kilichobaki na bibi mzee na wajukuu hakikutandazwa tena. Wapo wasomaji waliona kwa macho yao nini kilitokea: kwanza magugu, kisha mikahawa kufungwa na vichaka, migomba kulegea na kuanguka na tunguu lake, na nyasi za rweya kusogea hatua kwa hatua kuingia ndani ya mpaka. Ule mstari niliousema mwanzoni husogea. Watu wakipungua, rweya inakula kibanja. Watu na ng'ombe wakiwepo, kibanja kinakula rweya. Mtu naye ni mmoja wa viumbe wa mkusanyiko ule, tena ndiye nguzo yake.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi tuna mbegu bora, mambo ya nyasi ni ya zamani. Mbegu bora nazipenda. Kuanzia mwaka 1997 mradi wa KCDP, kwa msaada wa Ubelgiji, ulileta Kagera ndizi mpya zikiwemo za FHIA kutoka Honduras, zenye mikungu mikubwa na zinazostahimili magonjwa. Zilifika na kuvumilia udongo wetu. Zikakutana na chujio ambalo hakuna maabara iliyolipima, nalo ni sufuria la Mhaya. Wengi walisema hazilainiki kama Enshakala wala hazina ladha yake, zikapata nafasi zaidi kwenye juisi, pombe na mauzo. Sio aibu kwa mradi. Ila inaonyesha kwamba kiumbe kipya hakiingii mahali patupu, kinaingia katikati ya wengine wenye desturi zao. Na hizo FHIA nazo, kwa mikungu ile mikubwa, zinataka kulishwa zaidi, si pungufu.

Kwenye kahawa habari ni nzuri zaidi. Mnyauko wa mibuni ulipothibitishwa Kagera mwaka 1997, robusta nyingi za Bukoba na Muleba zilikauka zikiwa zimesimama na matunda. TaCRI ilichukua muda, na mwaka 2011 ikatoa aina zinazostahimili ambazo hata majina yake ni ya kwetu: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Zilitokana na robusta za huku huku, kwa hiyo hazikuwa na haja ya kuzoeshwa udongo wala mvua.

Magonjwa na wadudu nao wana ramani yao. Bungua wa migomba, yule mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu ambaye funza wake hutoboa tunguu, hupenda joto. Ukipanda juu ya mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari anakuwa haba. Uso wa ziwa letu uko mita 1,134 na vilima vingi vya Bukoba na Muleba haviifikii hiyo 1,600, kwa hiyo bungua tunaye na tutakuwa naye. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uliripotiwa Uganda mwaka 2001, na katikati ya miaka hiyo ya 2000 ukafika Muleba. Wadudu wanaotafuta utomvu kwenye ua dume ndio wanaoubeba kutoka shamba hadi shamba, pamoja na mapanga yetu. Kwenye nyanda za juu sana wadudu hao huhusika kidogo, kwetu wanahusika sana. Ndiyo maana ushauri wa kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda, bila kutumia panga, una uzito mkubwa zaidi Izigo kuliko milimani Rwanda. Na ndiyo maana haina faida wewe kuvunja huku jirani yako akisubiri mpaka Jumamosi. Nyuki haulizi hati ya kibanja.

Ninayataja haya kwa sababu moja. Mgomba uliolishwa na kutandazwa hupambana na bungua na minyoo ya mizizi vizuri kuliko mgomba wenye njaa. Ukiondoa nyasi na samadi, hasara haitakuja ikiwa imeandikwa "hasara ya nyasi". Itakuja kama mikungu midogo, migomba inayoanguka kwa upepo, na fedha za dawa. Mkulima atalaumu mdudu.

Wenzetu wa ziwani walishaona kitu cha jinsi hii. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu wa aina mamia walikuwa wamepungua vibaya, wengine wakapotea kabisa. Viwanda vya minofu vilipata fedha, na sisemi zilikuwa ndogo. Lakini hakuna aliyeulizwa mapema furu walikuwa wakifanya kazi gani, kwa sababu walihesabiwa kuwa samaki wasio na thamani. "Tupu" na "wasio na thamani" ni maneno ya ukoo mmoja.

Nirudi rweyani, kwenye mambo ambayo mwombaji wa miti hakuyataja. Mbali na nyasi za kutandaza na malisho, kuna emisiri, yale mashamba ya muda ambayo kina mama hulima njugu mawe na mihogo kwa msimu kisha kuyaacha yapumzike miaka kadhaa. Mara nyingi hiyo ndiyo ardhi pekee ambayo mwanamke huvuna na kuuza bila kumwuliza mtu. Kuna nyasi za kuezekea. Kuna dawa. Na kuna senene. Mwezi wa Novemba unapofika, hata mwenye suti atasimamisha gari. Senene ni mdudu wa nyasi, anakula nyasi na mbegu zake, na anayedhani ataendelea kuzaliana hivyo hivyo chini ya mikaratusi ajaribu kumtafuta humo. Wafanyabiashara wadogo wanaofunga taa kali na mabati kila msimu, na wale wanaowakaanga na kuwapeleka Dar es Salaam kwenye ndoo, wana hisa rweyani ingawa hawajawahi kukatiwa kipande.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Sipingi miti. Kuni zimekuwa shida, mbao zina soko, na kijana asiye na kibanja cha kurithi akipanda mikaratusi ekari moja amefanya jambo la maana. Kwenye vilele vyenye mawe, ambako hata nyasi ni chache, mti ni afadhali kuliko moto wa kila mwaka. Kinachonikera ni hesabu ya upande mmoja. Mwombaji huleta karatasi inayoonyesha nguzo ngapi baada ya miaka kumi. Hakuna karatasi inayoonyesha mizigo mingapi ya nyasi, ng'ombe wangapi, magunia mangapi ya njugu mawe yatakosekana katika miaka hiyo hiyo kumi, kila mwaka. Kwenye mizani yenye sahani moja, chochote utakachoweka kitaonekana kizito.

Ipo pia hesabu ya nani anapata na nani anakosa. Miti ina mwenyewe. Nyasi zilikuwa za wote. Anayeumia kwanza ni yule asiye na ng'ombe wala fedha ya kununua samadi, ambaye mtaji wake ni mundu na kichwa chake cha kubebea.

Sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja kuwa ni sehemu ya ardhi ya kijiji, na hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti na wajumbe wachache hawatoshi, hata wakiwa na mhuri. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji njia ya kupanga kipi kiwe wapi. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, kwa hiyo mikaratusi iliyosogezwa hadi chemchemi si ya kuombewa radhi.

Kwa mtazamo wangu, kijiji kinachoombwa rweya kifanye kwanza kazi ya siku mbili. Watembee wote, wazee na kina mama wanaokata nyasi wakiwa mbele, kutoka kileleni hadi bondeni, waandike kila sehemu inatoa nini na kwa nani. Watagundua, kama tulivyogundua sisi tulipotembea rweya ya ukoo wetu na baba zangu wadogo, kwamba rweya si kitu kimoja. Kuna ya mawe, kuna ya udongo wa kina kidogo, kuna ya bondeni inayobaki kijani hadi Agosti. Ya mawe ipewe miti. Iliyo karibu na vibanja ibaki nyasi na malisho, na izuiwe moto wa ovyo. Ile ya katikati inaweza kupandwa mikunde ya kurutubisha udongo kama tephrosia na marejea, ambayo majani yake hukatwa na kutandazwa. Dk. Baijukya aliijaribu mikunde ya aina hiyo kwetu na kuiandikia tasnifu yake ya Wageningen mwaka 2004. Inafanya kazi, ingawa nayo haistawi sawa kila mahali, ya ukanda wa mvua nyingi si lazima iwe ya magharibi ya Muleba. Mwenye ng'ombe wawili wa kufugia ndani anaweza kukatiwa sehemu ya majani kwa ada ndogo inayoingia kwenye mfuko wa kijiji. Na mwombaji wa miti akipewa chochote, akipewe kwa mkataba wa miaka na kodi, isiwe moja kwa moja.

Kwa wale wenye rweya ya ukoo wanaofikiria kuiuza ili kumalizia nyumba au kulipa ada, ninawaelewa, sisi wenyewe tulikaa kikao juu ya jambo hilo mwezi wa pili. Tulichofanya ni kuandika kwenye daftari la shule, kwa msimu mmoja tu, kila mzigo wa nyasi uliotoka kule na bei ambayo tungeununua kwa jirani. Baba mdogo aliyekuwa na haraka ya kuuza ndiye aliyekuwa akiandika. Alipojumlisha, aliomba kikao kiahirishwe.

Kile kijiji cha Muleba nacho hakijaamua. Akidi haikutimia mara ya pili, na mkutano umesogezwa hadi baada ya mavuno ya kahawa. Nilikutana na yule mama gulioni wiki chache zilizopita, akiuza njugu mawe. Nikamwambia safari hii nitakaa karibu naye. Akaniuliza kama nina mundu.